Kabla hujatoa hela kwenye rili, rodi na uzi, soma kwanza hapa

Wadau, mimi navua nikiwa nchi kavu, Kigamboni na Coco Beach huku Dar, pale kwenye mawe, mara moja moja nikipata nafasi naenda Tanga. Boti sina na hela ya kuchezea sina, mshahara ukitoka kuna ada ya watoto kuna kodi ya nyumba ndio baadaye nifikirie rili, ile mashine ya kuviringia uzi inayokaa kwenye rodi (fimbo ya kuvulia). Kwa hiyo haya nayoandika ni kwa mtu wa hali yangu, anayetoka wikiendi mbili tatu kwa mwezi, akipata changu au tasi wa kitoweo anashukuru Mungu, na siku kolekole akigonga hataki vifaa vimuangushe. Wale wa boti za Watamu na Shimoni wanaokokota kutafuta nduwaro na jodari wana mambo yao mengine kabisa, tuwaache.

Ninachotaka kusema kikubwa ni hiki, hela yako ipeleke kwenye breki ya rili na kwenye uzi, rodi ije mwisho. Watu wengi naona wanafanya kinyume, mtu anaingia dukani anaona rodi ndefu inang'aa ina maandishi ya dhahabu anaichukua, rili anapewa yoyote ya kufanana nayo, uzi ndio kabisa hata hauangalii, anachukua ule wa bei ya chini kuliko wote kwa sababu hela imeshaisha. Halafu samaki akikata anasema leo sikuwa na bahati. Bahati gani jamani, kati yako na samaki kuna uzi na fundo tu.

Kama hunielewi nenda kakae na mzee anayevua kwa mshipi wa mkono umtazame. Uzi kauzungushia kwenye chupa ya plastiki, hana rodi hana rili, na samaki mkubwa akivuta hashindani naye, anauachia uzi upite kwenye kidole cha shahada, pole pole huku anaukandamiza, ndio maana vidole vyao vina mistari kama imechorwa kwa kisu. Samaki akitulia mzee anavuta pima mbili tatu, akikimbia tena anaachia tena. Kile kidole ndio breki, wengine wanaita dregi. Rili yoyote unayotaka kununua jiulize swali moja tu, breki yake inaweza kufanya kazi ya kile kidole?

Kujua unaijaribu hapo hapo dukani, na muuzaji akikukatalia kujaribu ondoka. Kaza nusu tu kile kifundo cha breki kilicho juu ya spuli, yaani kile kidude kinachoviringiwa uzi, shika uzi uvute kwa mkono mwanzo taratibu halafu haraka. Kama hamna uzi zungusha spuli kwa vidole. Inatakiwa itoke laini kama unavuta kitambaa kwenye meza. Ikikwama kidogo kisha ikaruka, ikakwama ikaruka, hiyo iache, maana kule kukwama kwa sekunde moja ndio uzi unakatika samaki anapoanza kukimbia. Baada ya hapo shika mkono wa rili uutikise juu chini, ukicheza sana ujue ndani pamelegea. Uzungushe taratibu karibu na sikio, ukisikia kama mchanga unasagika achana nayo. Kisha jaribu kuuzungusha kinyume, unatakiwa ugome hapo hapo, rili nyingi za bei poa zinarudi nyuma kidogo ndio zinashika na ukikaza samaki kwa nguvu siku moja hazishiki tena. Hilo limenikuta mwenyewe usiku, kitu kizito kimeshika, mkono wa rili ukaanza kuzunguka kinyume ukanigonga vidole mpaka nikaachia, nikabaki nauvuta uzi kwa mkono kama wale wazee lakini bila ujuzi wao. Samaki akaenda na chubwi yangu, ile risasi ya kuzamisha uzi. Ilikuwa rili mpya ina wiki tatu, nilishawishika kwa sababu boksi liliandikwa beringi 13.

Hapo kwenye beringi naomba mnisikilize vizuri. Namba ya beringi haikwambii kitu kuhusu ubora. Rili ina maeneo machache tu yanayohitaji beringi kweli, na beringi nne tano nzuri zinazovumilia chumvi zinazishinda 13 za chuma dhaifu ambazo kila moja ni sehemu nyingine ya kupata kutu. Ukiona rili ya bei ya chips kuku imeandikwa beringi nyingi kuliko ya Shimano ya laki kadhaa basi jiulize hela ya hizo beringi imetoka wapi. Cha kuangalia ni kile kigurudumu kidogo uzi unapopitia pembeni ya spuli, kisukume na kucha kama kinazunguka. Hicho ndio kinakufa wa kwanza baharini, kikiganda uzi unasuguliwa sehemu moja mpaka unachanika na wewe unalaumu uzi.

Saizi ya rili inaandikwa kwa namba, namba kubwa ni rili kubwa. Kwa kuvua nchi kavu huku kwetu 4000 inatosha kazi nyingi, ukitupa chambo bandia kwa kolekole na mzia chukua 5000 au 6000, na kama ni tasi na vichangu vya kwenye mawe hata 2500 inafanya. Ndugu zangu wa Mwanza na Musoma mnaotaka sangara anzeni 6000. Usinunue kubwa ukidhani ndio nguvu, utashinda nayo mkononi masaa sita na bega litakwambia.

Majina sasa. Shimano na Daiwa ni za Japani, Penn ni ya Marekani, Okuma ni ya Taiwan, na wote hawa wana rili za kuanzia ambazo mtu wa kawaida anaweza kujikusanya akanunua, mfano Shimano Sienna, Daiwa Crossfire, Penn Pursuit. Ukiweza kusubiri miezi miwili ukaongeza hela ukafika kwenye Penn Battle au Daiwa BG basi subiri, hapo ndipo mimi naona thamani ya hela ilipo kwa mvuvi wa pwani, mwili wa chuma, breki nzuri, na ukiitunza unaizoea mpaka inakuwa kama mwenzio. Juu ya hapo unalipia vitu vizuri kweli, Penn Spinfisher kwa mfano imezibwa zaidi maji yasiingie, lakini kama huvui ukiwa umesimama ndani ya maji sioni haraka. Halafu feki zipo, angalia herufi za jina, angalia rangi kama imepakwa vizuri kwenye kona, na bei ikiwa nusu ya ile unayoijua usijidanganye umeokota dodo chini ya mwarobaini.

Mtumba wa rili mimi naununua bila wasiwasi nikishaijaribu kama nilivyosema. Rili kongwe ya Penn iliyochubuka rangi lakini gia zinazunguka laini ni bora kuliko mpya isiyojulikana, maana kwa kampuni kubwa bado unaweza kutafuta kifaa kikiharibika, ile isiyo na jina ikivunjika springi moja ni ya kutupa.

Tuje kwenye uzi, hapa nitakaa kidogo.

Kuna nailoni na kuna breidi, ule wa kusukwa. Nailoni inavutika kama mpira kidogo, na huo mvutiko unakusaidia, samaki akipiga kwa ghafla uzi unameza ile nguvu. Inavumilia kusuguliwa na mawe, bei yake nafuu, fundo lake rahisi. Ubaya ni mnene kwa hiyo hautupi mbali sana, unajikunja ukikaa kwenye spuli na jua linaula. Breidi ni mwembamba sana kwa nguvu ile ile, unatupa mbali, na karibu hauvutiki kabisa kwa hiyo hata tasi akigusa chambo unamsikia kwenye vidole. Lakini breidi kwenye matumbawe ni kama uzi wa cherehani kwenye wembe, ukigusa jiwe umekaza basi umekwenda. Kwa hiyo ukifunga breidi lazima mbele uweke lida, yaani kipande cha mwisho upande wa ndoana, cha nailoni nene, mimi naweka milimeta 0.60 urefu wa pima moja na nusu hadi mbili.

Kwa anayeanza namwambia funga nailoni ya 0.35 au 0.40, nzuri, hutajuta. Nailoni nzuri ya 0.40 inabeba kama kilo 10 hivi, na kwa changu, kolekole wa kawaida na chewa mdogo hiyo ni nguvu ya kutosha. Ukishazoea ndio uende breidi, PE 2 inatosha (PE ni namba ya unene wa breidi), na ukifunga breidi usianze moja kwa moja kwenye spuli tupu maana unateleza, spuli inazunguka ndani na uzi umesimama, unadhani breki imekufa. Zungusha kwanza nailoni mita kumi ishirini chini yake halafu unganisha. Hapo hapo unaokoa hela, huna haja ya breidi mita 300, nunua mita 150 ujazie chini nailoni ya kawaida. Jaza mpaka ibaki milimeta mbili au tatu kufika ukingo wa spuli, ikiwa chini sana hutupi mbali, ikijaa sana inamwagika inakuwa kiota cha ndege.

Sasa uongo wa maandishi. Uzi unaandikwa kilo 20 na ukiuangalia ni mwembamba kama unywele. Kumbuka kwanza nyingi zinaandikwa LB, yaani pauni, gawa kwa 2.2 ndio upate kilo, wengi wanasoma 20 LB wanadhani kilo 20 kumbe ni tisa. Pili jaribu mwenyewe. Nunua ile mizani ndogo ya kuning'iniza, ya kupimia mabegi ya safari. Funga uzi wako kwenye ndoano ya mizani kwa fundo lile lile unalotumia baharini, upande wa pili zungusha mara kadhaa kwenye kipande cha mti, vaa miwani na glavu, uvute pole pole mtu mwingine akisoma namba. Mimi nilifanya hivyo nyumbani na nyuzi tatu, moja iliyoandikwa kilo 18 ikakatika kwenye 8, tena sio kwenye fundo, katikati. Nyingine isiyo na mbwembwe ilikatika karibu kabisa na ilivyoandikwa na ndio natumia mpaka leo. Na usikubali kuuziwa uzi ulioning'inizwa kwenye dirisha la duka unapigwa na jua mwaka mzima, omba wa ndani ya boksi.

Mizani hiyo hiyo ndio inakuwekea breki. Pitisha uzi kwenye rodi, funga kwenye mizani, vuta, kaza breki mpaka ianze kuachia kwenye robo ya nguvu ya uzi, isizidi theluthi. Uzi wa kilo 10 breki iwe kilo 2.5 hadi 3. Utaona ndogo, utasema huyu anatania, lakini kumbuka fundo linapunguza nguvu, maji yanakokota uzi, na spuli inavyopungua uzi breki inazidi kuwa ngumu yenyewe. Fundo lolote lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza, nailoni ikikazwa kavu inaungua kwa msuguano.

Rodi sasa, kwa ufupi. Kuna za fiba na za kaboni na za mchanganyiko. Kaboni nyepesi na inasikia vizuri lakini ukiigonga kwenye jiwe inapata ufa usiouona halafu siku ya samaki inapasuka, na kaboni inapitisha umeme kwa hiyo radi ikianza ilaze chini uondoke, na usipite nayo imesimama chini ya nyaya za Tanesco. Fiba nzito kidogo ila unaweza kuiburuza kwenye mawe na ikaishi. Kwa kuvua kwenye mawe mimi nasema mchanganyiko, mita 2.7 mpaka 3, ya vipande viwili, iliyoandikwa uzito wa kutupa unaolingana na chubwi zako, kama unatupa gramu 80 usichukue inayoishia 40. Zile za kuchomoa kama antena ni nzuri kwa basi na bodaboda lakini mchanga ukiingia kwenye maungio zinaganda, na pete zake nyingi zinalegea mapema.

Pete ndizo za kukagua. Chukua pamba kidogo uipitishe ndani ya kila pete, pamba ikinasa hata unyuzi mmoja kuna ufa, na ufa huo utakula uzi wako kila unapotupa. Halafu funga jicho moja uitazame rodi kutoka kitakoni, pete zote zikae mstari mmoja.

Mgawanyo wangu, ukiwa na laki mbili na nusu nzima: laki moja na nusu rili, elfu hamsini uzi na lida, rodi hiyo hamsini inayobaki. Na kama unapata rodi ya kuazima ya mjomba, peleka yote kwenye rili.

Ukirudi nyumbani usiitumbukize rili kwenye ndoo ya maji wala usiipige kwa bomba la nguvu, chumvi itasukumwa ndani. Kaza breki kwanza ili maji yasiingie kwenye zile sahani za breki za ndani, mwagia maji baridi taratibu kama unamnawisha mtoto, zungusha mkono mara chache, paguse pale kwenye kigurudumu na tone la mafuta ya cherehani. Ikauke kivulini. Ikishakauka legeza breki kabisa, maana ikikaa imekazwa wiki nzima zile sahani zinabanana na Jumamosi itaanza kuruka ruka.