Kukokotoa sini ya pembe bila kikokotoo

Tumia mfululizo huu usio na mwisho: sin x = x − x³/6 + x⁵/120 − x⁷/5040 + …

Tuseme pembe ni nyuzi 20. Igeuze kwanza iwe radiani (kipimo cha pembe ambapo nyuzi 180 ni sawa na radiani 3.14159, yaani pai), kwa kuwa x kwenye mfululizo ni pembe kwa radiani: 20 × 3.14159 ÷ 180 = 0.349066. Wengi hukosea hapa. Ukiweka 20 yenyewe, unatafuta sini ya radiani 20, pembe nyingine kabisa.

Sasa 0.349066 − 0.007089 + 0.000043 = 0.342020. Sehemu tatu zimetosha, kwa sababu kosa lililobaki ni dogo kuliko sehemu ya kwanza uliyoiacha, x⁷/5040, ambayo hapa haifiki 0.0000002.

Pembe ikizidi nyuzi 360, toa 360 kwanza (400 inakuwa 40), la sivyo utahitaji sehemu nyingi mno.