SOMO: Simbilisi wako wa kwanza (soma yote kabla ya kuniuliza kuhusu miguu ya nyuma)

Kila wiki swali ni lile lile: "Simbilisi wangu anaburuta miguu ya nyuma, shida nini?" Jibu naliweka hapa pamoja na mambo mengine ya kuanzia. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku, asinune.

1. Chukua wawili. Akiwa peke yake hunyong'onyea. Majike wawili ndio rahisi zaidi. Madume wawili wakifikisha umri wa kupanda hung'atana.

2. Kagua jinsia mwenyewe kabla ya kulipa, maana kwa muuzaji wote ni majike. Mlaze chali kiganjani, bonyeza taratibu juu kidogo ya sehemu za siri. Dume hutokeza uume, jike ana mkato wenye umbo la Y. Jike hushika mimba akiwa na umri wa mwezi mmoja tu. Mimba ni siku 59 hadi 72, na saa chache baada ya kuzaa anaweza kushika nyingine. Watoto madume watoe wakifika wiki 3. Na jike aliyefika miezi 7 bila kuzaa asipandishwe tena: mifupa ya nyonga huenda imeshashikana, watoto wasipite, akafa nao.

3. Banda: sakafu ya sentimita 120 kwa 60 kwa wawili. Isiwe ya waya, nyayo zao hazina manyoya, huchubuka na kutunga usaha. Matandiko ni maranda makavu, kina cha sentimita 5. Usichukue maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Penye mkojo toa kila siku, banda zima mara moja kwa wiki. Weka maboksi mawili ya kujificha, kila mmoja na lake.

4. Joto humuumiza kuliko baridi. Njombe atakaa vizuri ukimpa nyasi nyingi za kulalia. Dar mwezi wa Januari, banda lililo chini ya bati litamuua kabla ya saa tisa mchana. Kivuli, upepo, na chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kitambaa ili aiegemee.

5. Chakula kikuu ni majani na nyasi, saa zote, mchana na usiku. Meno yake hayaachi kukua. Asipotafuna nyasi yanarefuka hadi anashindwa kula. Maji safi kila siku.

6. VITAMINI C. Hapa ndipo wanapokufa, kwa hiyo soma polepole.

Mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C, na akiba yake ni ndogo. Akikosa kwa wiki mbili au tatu dalili zinaanza: manyoya yanasimama ovyo, viungo vinavimba, analia ukimgusa, fizi zinatoa damu, na mwishowe hataki kutembea. Mwenye mnyama anasema "amepooza". Hajapooza, anaumwa magoti.

Kosa lenyewe karibu kila mara ni hili: mtu ananunua chakula cha sungura cha punje, anajaza bakuli, anaona kazi imeisha. Chakula cha sungura hakiongezwi vitamini C kwa sababu sungura anajitengenezea. Pumba hazina. Nyasi zilizokauka zimeshapoteza karibu yote, ndiyo maana kesi zinaongezeka kiangazi majani mabichi yakiadimika.

Simbilisi mkubwa wa gramu 800 hadi 1,000 mpe miligramu 20 hadi 30 kila siku. Njia za kuzipata:
– robo ya pilipili hoho ya wastani, toa mbegu, au
– kipande cha pera kinacholingana na kidole gumba, au
– kidonge cha vitamini C cha miligramu 100: saga, koroga kwenye mililita 4 za maji, mpe mililita 1 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Pitishia pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Kinachobaki mwaga, kesho tengeneza kipya.

Tahadhari. Usiweke kidonge kwenye chupa ya maji ya kunywa: mwanga unaiharibu dawa, ladha inabadilika, mnyama anaacha kunywa na sasa una matatizo mawili. Usitumie vidonge vya mchanganyiko wa vitamini, A na D zikizidi zinamdhuru. Usikate hoho asubuhi ukampa jioni. Na usimtegemee chungwa, sukari na tindikali yake ni nyingi kwa kiasi ambacho angehitaji.

Ambaye ameshalala chini: miligramu 50 kwa siku, wiki moja hadi mbili. Siku chache tu utaona tofauti. Usipoiona, nenda kwa daktari wa mifugo, kwa sababu mnyama aliyeangushwa na mtoto akavunjika mgongo anaonekana vilevile.

7. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni. Akipungua gramu 50, mchunguze mdomo na choo. Gramu 100, ni safari ya daktari. Asipokula siku nzima usisubiri kesho.

8. Usimpe amoksilini wala penisilini yoyote. Inaua bakteria wazuri wa tumboni, wabaya wanachukua nafasi, anakufa kwa kuharisha. Mkumbushe hata daktari aliyezoea ng'ombe.

MASWALI

Kijana wa Ubungo: Mkuu, wangu hatembei miguu ya nyuma, anakula punje za sungura vizuri tu. Tatizo nini?
Jibu: Namba 6.

Kijana wa Ubungo: Nimeipitia, ila nataka kujua dawa.
Jibu: Dawa imo namba 6, na kipimo chake. Ukiisoma yote, si kuipitia, utaikuta.

Mama Pendo: Asante kwa somo. Banda langu ni kubwa, naweza kuwachanganya na sungura?
Jibu: Hapana dada. Teke moja la sungura linamvunja mbavu. Isitoshe, sungura anaweza kubeba bakteria kwenye pua bila kuugua, lakini bakteria hao wakampa simbilisi homa ya mapafu.

Mzee wa Rungwe: Nyie vijana mnatisha watu bure. Huku kwetu wanafugwa jikoni tangu zamani, hakuna aliyewapa vidonge, na wanazaana.
Jibu: Shikamoo mzee. Wa jikoni wanatupiwa majani ya maboga, matembele na maganda mabichi kila siku. Vitamini C ndiyo hiyo hiyo wanayoila. Hakuna niliposema vidonge ni lazima. Anayelisha majani mabichi ya kutosha hana haja navyo. Moshi wa jikoni ndio ungetolewa.

Mdadisi: Samahani, kwa nini sungura ajitengenezee na simbilisi asiweze? Wote si wala majani?
Jibu: Swali zuri. Wanyama wengi hugeuza sukari kuwa vitamini C ndani ya ini, na hatua ya mwisho inahitaji kimeng'enya fulani, yaani kichocheo kinachoendesha kazi hiyo mwilini. Kwa simbilisi jeni (maelekezo ya kurithi) ya kutengeneza kimeng'enya hicho imeharibika, haifanyi kazi. Sisi binadamu na nyani tuko vilevile. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Holst na Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakaugua kiseyeye kama mabaharia wa zamani. Wangetumia panya wasingeona kitu, panya anajitengenezea. Kwa porini, huko Amerika Kusini, hasara hiyo haikuonekana, majani mabichi yalikuwepo.

Mdadisi: Kwa hiyo hamsta naye?
Jibu: Hamsta anajitengenezea. Ila mengine yako kinyume: hamsta wa dhahabu anakaa peke yake, ukiweka wawili wanauana, na anaamka usiku. Usitumie somo hili kwake.

Mama Pendo: Mchicha je?
Jibu: Kidogo, mara mbili tatu kwa wiki. Ukizidi, chumvi zake zinachangia mawe ya kibofu. Kotimiri na matembele ni salama zaidi. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya parachichi marufuku. Ukoka usikate kando ya barabara wala palipopuliziwa dawa.

Bwana Shamba: Naongezea: hoho zilizopasuka sokoni jioni zinauzwa bei ya kutupa, mradi hazina ukungu. Samadi yao pia nzuri kwa bustani.
Jibu: Kweli kabisa. Ukungu hata kwenye nyasi usiuvumilie.

Mzee wa Rungwe: Haya, nimekubali la moshi. Siafu je? Mvua zikianza wanaingia bandani usiku.
Jibu: Mzee, miguu ya banda isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu, na banda lisiguse ukuta wala tawi. Makopo yafunike kwa juu kwa kipande cha bati, mvua ikiingia oili inaelea na kumwagika. Kila asubuhi ondoa majani yaliyoangukia humo, jani moja likigusa kopo na mguu wa banda linakuwa daraja lao.