Eneo la uso la boksi na kopo: usikariri kanuni, kunjua kwanza

Mdogo wangu yuko form two, juzi kaniletea swali la silinda, kwenye daftari kajaza kanuni nne na hajui atumie ipi. Nikamwambia funga hilo daftari lete boksi la viatu na mkasi. Eneo la uso ni ukubwa wa karatasi ya kutosha kulifunika umbo lote bila kubaki wala kupungua, basi.

Ukilichana boksi kwenye kona ukalilaza chini unapata mistatili sita, na iko jozi jozi: kitako na mfuniko, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Urefu uite a, upana b, kimo c, eneo la uso, E, linakuwa E = 2(ab + ac + bc). La kwetu lilikuwa sm 30 kwa 20 kwa 10, kwahiyo 2(600 + 300 + 200) = 2,200, sentimita za mraba. Swali likisema halina mfuniko usianze kutafuta kanuni nyingine, toa ab moja tu, inabaki 1,600. Mchemraba ni boksi hilohilo ila pande zote ni x, yaani 6x².

Silinda ndo inatesa watu aisee. Chukua kopo la maziwa ya unga, bandua ile karatasi ya ubavuni taratibu, inakuwa mstatili. Upande mmoja ni kimo cha kopo, h, na huo mwingine je? Dogo akaizungushia tena kwenye kopo akaona mwenyewe kuwa ni mzingo wa duara, 2πr (r ni nusu kipenyo, π ni pai). Basi ubavu ni 2πrh, ongeza duara mbili za juu na chini ambazo ni 2πr², halafu angalia vizuri, kote kuna 2πr, itoe nje ya mabano: E = 2πr(r + h). Kwa r = 7, h = 16 na pai 22/7, 2πr ni 44, mara 23, jibu 1,012.

Kwenye mitihani wanapenda kugeuza, wanakupa eneo 748 na r = 7 tafuta kimo. Andika 44(7 + h) = 748, gawanya kwa 44 kwanza, usifungue mabano, 7 + h = 17, h ni 10. Na wakikupa kipenyo kigawe kwa mbili kabla hujagusa chochote, maana ukisahau duara lako linakuwa kubwa mara nne.

Tufe sasa, yaani umbo la mpira, lenyewe halikunjuki likalala chini. Ila lifikirie ndani ya silinda inayolibana pande zote, kimo chake kitakuwa 2r, ubavu wake 2πr × 2r = 4πr², na hilo ndo eneo la tufe kamili, Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita na mimi hadi leo naona raha kulionyesha. Mpira wa r = 7 unatoka 616.