Kumwaga resini kwenye taa za omena

Mbalamwezi ikiwa kubwa omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi wa Dunga hupumzika, na ndipo meza yangu hapa Kibuye, Kisumu, hujaa taa zilizozimika. Nikifungua moja, mara nyingi naona kijani kwenye kona za bodi ya umeme: unyevu umekula shaba. Naisafisha kwa spiriti, nachomelea palipokatika, kisha naizika bodi ndani ya resini ya epoksi, majimaji yanayoganda yakawa magumu, ili unyevu usiingie tena.

Epoksi huja kwa makopo mawili, resini na hadena, yaani dawa ya kuigandisha. Soma lebo uone uwiano, na uangalie sana kama ni wa uzito au wa ujazo. Yangu ni gramu 100 kwa 30, kwa uzito. Kwa vipimo vidogo tumia mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Mwaka wangu wa kwanza niliongeza hadena "kidogo tu" ili taa kumi na mbili ziwahi kukauka. Zilibaki zinanata kama ulimbo, nami nikakwangua siku mbili. Wanaotumia resini ya faibaglasi wamezoea kucheza na kiasi cha dawa ya kugandisha. Kwenye epoksi usithubutu.

Vaa glavu, kaa penye hewa. Koroga polepole dakika tatu, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Sasa mimina yote katika kikombe cha pili na ukoroge tena. Wengi huruka hatua hii, kumbe ile iliyonata ukutani mwa kikombe cha kwanza haijachanganyika, na ndiyo huacha madoa laini yasiyokauka kamwe. Changanya kidogo kidogo. Resini ikirundikana kikombeni hujipasha moto yenyewe, na kwa joto la mchana la Kisumu nimewahi kuona kikombe kikitoa moshi na kulegea mkononi.

Bodi iwe imeanikwa juani ikauka kabisa. Mwaga kwenye kona moja tu, uzi mwembamba, uiache ipande yenyewe ikisukuma hewa mbele yake. Ukimwaga katikati unafungia mapovu chini ya vifaa. Yatakayotokea juu, yapitishie blodraya ya saluni kwa mbali. Simama kabla ya kufunika uso wa balbu. Waya wenye nyuzi nyuzi nao ni mtego: resini hupanda ndani ya ganda lake, waya unakakamaa, na siku ukipindwa unakatika. Nafunga ncha yake kwa gundi kwanza.

Siku za kazi nyingi natumia bunduki ya katriji mbili, yenye mrija wa plastiki uliojaa mapezi ya kuchanganyia. Kabla ya kuvisha mrija, bonyeza mpaka pande zote mbili zitoe sawa. Kisha visha mrija na utupe matone ya mwanzo. Ukienda kunywa chai, utakuta mrija umeziba, weka mwingine.

Mashine ya kuchanganya na kumwaga resini niliitumia kiwandani Nairobi kabla ya kurudi nyumbani: matangi mawili, pampu mbili, mipira inayokutana kwenye kichwa. Resini yenye unga wa kujazia hutuama, hivyo tangi lake lina mwiko unaozunguka. Kila asubuhi tulivua mrija, tukatoa kila upande kikombe chake, tukapima na kugawanya kupata uwiano. Siku msimamizi alipotuharakisha tukaruka kipimo hicho, trei nzima ilitoka laini kama ugali wa jana. Kwa taa ishirini kwa wiki, mashine ni mzigo.

Baki la kikombe namwaga kwenye kizibo cha soda, naandika tarehe. Kesho yake nakibonyeza kwa kucha. Ikiingia, taa hazitoki, hata mwenye mashua awe amesimama mlangoni.