Kolajeni kabla ya kulala: gramu ngapi, saa ngapi, na kwa nini joto la chumba linaweza kuiharibia kazi

Kolajeni si dawa ya usingizi. Ni protini, ileile inayoifanya supu ya makongoro igande kama jeli ikilala kwenye friji. Inatajwa kwenye habari za usingizi kwa sababu ya asidi ya amino moja (asidi za amino ndizo matofali yanayojenga protini) iliyojaa ndani yake: glisini. Katika mnyororo wa kolajeni, kila asidi ya amino ya tatu ni glisini. Kwa uzito haifiki theluthi, ni kama robo au pungufu kidogo, kwa kuwa glisini ndiyo nyepesi kuliko zote. Watafiti wa Japani waliwapa watu wanaolala vibaya gramu 3 za glisini kabla ya kwenda kitandani, na watu hao wakasema wamelala vizuri zaidi na kuamka na uchovu mdogo. Basi shabaha yako ni hizo gramu 3. Ladha ya vanila na picha ya ngozi nyororo kwenye kopo havihusiani na usingizi wako.

Ukitaka gramu 3 za glisini, unahitaji takriban gramu 15 za unga wa kolajeni. Kiasi hicho ndicho kilichojaribiwa Uingereza kwa wanaume 13 wanaofanya mazoezi na wanaolalamikia usingizi: walikunywa saa moja kabla ya kulala, usiku saba mfululizo. Waliamka mara chache zaidi katikati ya usiku. Ila hawakusinzia upesi zaidi, wala saa za kulala hazikuongezeka. Utafiti ni mdogo, lakini unakuonyesha utarajie nini: kupungua kwa kule kushtuka-shtuka. Kama shida yako ni kugaagaa hadi saa saba usiku bila kupata lepe la usingizi, usitegemee kopo hili likusaidie sana.

Dukani

Kwenye lebo tafuta maneno hydrolyzed collagen au collagen peptides, yaani kolajeni iliyokwisha kukatwakatwa vipande vidogo vinavyoyeyuka hata kwenye maji baridi. Kisha angalia gramu za kolajeni kwa kila pimo, si uzito wa pimo zima, maana baadhi ya unga una sukari na ladha nusu kwa nusu.

Vidonge havifai kwa kazi hii. Kimoja hubeba kati ya nusu gramu na gramu moja, kwa hiyo ungemeza 15 hadi 30 kila usiku. Pipi za kutafuna ni hivyohivyo, na sukari juu yake. Ile inayouzwa kwa dozi ya miligramu 40, kolajeni aina ya pili isiyokatwakatwa, ni kitu kingine kabisa kinachotumika kwa maungio. Glisini yake ni ya kuhesabu kwa punje.

Soma pia vilivyochanganywa ndani. Kolajeni za urembo mara nyingine huwekwa chai ya kijani au guarana, na zote mbili zina kafeini. Nyingi zina biotini, ambayo ikiwa nyingi huvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo na kile cha moyo kinachoitwa troponini. Ukienda maabara, waambie kabla hawajakutoa damu. Na ile iliyochanganywa na melatonini, homoni ya usingizi, iache kwanza: ukilala vizuri hutajua kilichokulaza ni kipi.

Kwa Waislamu, neno "ng'ombe" kwenye lebo halitoshi, kwa sababu halisemi mnyama alichinjwaje. Tafuta muhuri wa halali, au chukua ya samaki kama huna mzio nayo. Lebo isiyotaja mnyama yeyote irudishe rafuni. Mwanamichezo anayepimwa dawa zilizokatazwa achukue yenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport.

Kama lengo lako ni usingizi peke yake, glisini tupu ya unga inafika moja kwa moja: gramu 3, takriban kijiko kidogo cha chai, na ni tamu kiasi kwamba huhitaji sukari. Kolajeni inakuwa na maana zaidi pale unapotaka pia kitu kwa ajili ya kano na maungio, au pale glisini tupu isipopatikana.

Kuchanganya na kunywa

Ukizoea kulala saa nne usiku, kunywa saa tatu. Pima kwa mzani wa jikoni angalau mara ya kwanza, kisha weka alama kwenye kijiko chako. Unga huu ni mwepesi, na kijiko cha mezani kilichojaa kinaweza kubeba gramu 5 au 8 kutegemea ulivyosagwa.

Anza na maji, si unga. Mimina mililita 150 za maji ya kawaida au ya vuguvugu, nyunyiza unga juu, uache ulowe kama dakika moja, ndipo ukoroge. Ukitanguliza unga na kuumwagia maji, tabaka la nje linageuka gundi na kufungia unga mkavu ndani. Hayo mabonge hayavunjiki hata ukoroge mpaka asubuhi.

Usiongeze maji kwa kudhani unajitendea wema. Nusu lita saa tatu usiku inakuamsha saa nane kwenda chooni, na kuamka ndiko ulikokuwa unakukimbia. Chai ya mchaichai au tangawizi isiyo na majani inafaa. Chai ya rangi na kahawa hapana: saa tano hivi baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado iko mwilini.

Jelatini ya kupikia ina asidi za amino zilezile na mara nyingi ni nafuu. Loweka gramu 15 kwenye mililita 100 za maji baridi kwa dakika 10 mpaka ivimbe, ongeza maji ya moto kiasi hichohicho, koroga hadi iwe angavu, unywe ikiwa vuguvugu. Ukiiacha ukaongee na simu, utaikuta imesimama kikombeni. Usidhani ni sawa na zile jeli za pakiti za watoto, ambazo sehemu kubwa ni sukari.

Pwani, unyevu wa hewa hugeuza kopo zima kuwa tofali. Funga vizuri, tumia kijiko kikavu, na usiliweke kwenye friji: kila ukilitoa, hewa ya nje inatoa matone ndani yake.

Joto lazima lipate pa kutokea

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kisha wanaulaumu unga. Glisini hupanua mishipa midogo ya damu ya ngozi, damu ya moto inasogea nje, na joto la ndani ya mwili linashuka. Kushuka huko ndiko kunakoandaa usingizi mzuri. Sasa chukua chumba cha bati Dar es Salaam mwezi wa Februari, madirisha yamefungwa, chandarua kizito kimeingizwa chini ya godoro. Joto linatoka mwilini liende wapi?

Fungua njia ya hewa. Feni ielekeze upande wa miguu, ipulize kupita kwenye chandarua, usiitazamishe ukutani. Chandarua chenyewe usikiondoe. Malaria ni mbaya kuliko usingizi wa mang'amung'amu. Nyayo zitoke nje ya shuka. Oga maji ya moto kiasi kwa dakika 10, saa moja au mbili kabla ya kulala. Wengi hukimbilia maji baridi dakika ya mwisho, lakini baridi ya ghafla inafunga mishipa ya ngozi na joto linabaki ndani. Maji ya moto huvuta damu kwenye ngozi, na ukitoka bafuni joto linaondoka lenyewe.

Njombe au Limuru tatizo ni kinyume. Miguu baridi ni mishipa iliyofunga, hivyo vaa soksi, hasa nusu saa ya kwanza.

Je, supu ya makongoro?

Inafaa, ila si kwa kikombe kimoja cha mchuzi mwepesi. Kipimo chake kiko kwenye friji. Mchuzi ukiganda laini, unatikisika kijiko kikipita, una kolajeni kama gramu 4 kwa kikombe cha mililita 250, na glisini haifiki gramu moja. Ili kikombe kimoja kikupe gramu 15 inabidi ugande mgumu, uweze kuukata kwa kisu na kuushika mkononi kama mpira. Njia rahisi ni kula vile vilivyomo ndani: gramu 50 hadi 60 za kano na ngozi laini ya kongoro zinakaribia kiasi hicho.

Chemsha kongoro lililobabuliwa na kupasuliwa kwa moto mdogo saa 4 hadi 6, au saa 2 kwenye jiko la presha. Likipoa, ondoa mafuta yaliyoganda juu. Chumvi iwe kidogo, la sivyo kiu itakuamsha. Kula jioni mapema, saa kumi na mbili au saa moja. Supu nzito ukiilalia inapanda na kiungulia.

Mwili kujijenga usiku

Kwa misuli, kolajeni ni protini dhaifu. Haina kabisa triptofani, asidi ya amino ambayo mwili hauwezi kuitengeneza, na leusini, inayowasha ujenzi wa msuli, imo kidogo. Kwa hiyo zile gramu 15 usizihesabu kwenye protini ya siku. Aliyebeba vyuma au kukimbia jioni ale kwanza samaki, mayai, maharage au mtindi kwenye chakula cha usiku.

Kwa kano, saa nzuri si usiku. Kano hupata damu kidogo, na hunyonya zaidi zinapovutwa na kuachiwa. Jaribio lililojulikana sana la 2017 lilitumia gramu 15 za jelatini pamoja na vitamini C miligramu 48, saa moja kabla ya kuruka kamba dakika 6. Nusu ya pera kubwa inatosha kwa vitamini hiyo. Mwenye maumivu ya kano ya kisigino achague: dozi ya usingizi usiku, au dozi ya kano kabla ya mazoezi.

Wasioitumia bila kuuliza daktari

Mwenye ugonjwa wa figo, na hasa aliyewahi kupata mawe ya figo: sehemu ya kolajeni hugeuzwa oksalati mwilini, na oksalati ndiyo inayotengeneza mengi ya mawe hayo. Anayetumia klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili, kwa kuwa glisini inaweza kuipunguzia nguvu. Mjamzito na anayenyonyesha. Na anayekoroma kisha pumzi ikakatika, akaamka na kichwa kizito kila siku: huyo apimwe njia ya hewa, maana gramu 15 za unga hazifungui koo.

Kujaribu bila kujidanganya

Wiki ya kwanza usinywe chochote. Andika kila asubuhi umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi, na umejisikiaje kwa alama 1 hadi 10. Wiki mbili zinazofuata kunywa gramu 15 kila usiku bila kubadilisha kingine; feni, kuoga na soksi viwe vimeanza tangu wiki ya kwanza. Tumbo likijaa gesi, shuka hadi gramu 5 na upande taratibu. Wiki ya nne acha, uendelee kuandika. Idadi ya kuamka ikishuka kisha ikarudi ulipoacha, unajua. Isiposhuka, kopo lililobaki lisogeze kwenye saa moja kabla ya mazoezi, pamoja na pera.