SOMO: Kuandaa INS za 747-200 mpaka ndege ifuate njia (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila mara napata ujumbe uleule pembeni: "ndege yangu ya zamani haifuati njia, tatizo nini?" Naliweka hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamjibu kwa namba ya hatua tu, asinune.

Somo ni la Boeing 747-200 ya simyuleta (programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta) yenye INS tatu, yaani mashine zinazojua ndege ilipo kwa kupima mwendo wake tu, zilizoigwa kutoka mashine halisi ya Delco Carousel IV-A. Ndege nyingine yenye paneli kama hizo inafuata utaratibu uleule. Waliozoea ndege za kisasa wafahamu jambo moja kabla hatujaanza: humu ndani hakuna orodha ya viwanja wala majina ya nukta (sehemu za kupitia njiani). Mashine inajua latitudo na longitudo, basi. Na inabeba nukta tisa tu kwa wakati mmoja.

Hatua ya 1. Umeme: betri, kisha umeme wa nje au APU (injini ndogo ya kuzalisha umeme).

Hatua ya 2. Swichi zote tatu za INS kwenye paneli ya juu, zitoe OFF uziweke STBY (kusubiri). Usikimbilie ALIGN (kujipanga).

Hatua ya 3. Nafasi ya kuanzia. Hapa tutulie, maana ndipo wengi mnapozama, na mimi sikuponea.

Kwenye CDU (paneli ya INS yenye vitufe vya namba) geuza kitufe cha kuchagua hadi POS (nafasi). Sasa unaiambia mashine ndege imesimama wapi. Inataka nyuzi, dakika, na sehemu ya kumi ya dakika. Haitaki nyuzi zenye desimali kama zinavyoonekana kwenye ramani za simu, na haitaki sekunde. Chukua Heathrow. Ramani ya simu inakupa 51.4775 na -0.4614. Mtu mwenye haraka anaandika nyuzi 51 dakika 47.7, anabonyeza INSERT, mashine inapokea bila kulalamika. Kumbe ameshaihamisha ndege maili 19 za baharini kaskazini. Longitudo nayo akiiandika dakika 46.1, ameongeza zaidi ya maili 11 magharibi. Ndege bado iko getini, injini hazijawashwa, na tayari imepotea.

Namna sahihi: acha nyuzi kama zilivyo, desimali zizidishe kwa 60. 0.4775 mara 60 ni 28.65, andika 28.7. 0.4614 mara 60 ni 27.7. Alama ya kutoa kwenye longitudo maana yake magharibi. Kwa hiyo unabonyeza 2 (ndiyo yenye herufi N), halafu 5 1 2 8 7, INSERT. Kisha 4 (yenye W), halafu 0 0 0 2 7 7, INSERT. Kama chati yako ina sekunde, zigawe kwa 60 upate sehemu ya dakika: sekunde 24 ni 0.4.

Maonyo ya hatua hii, yasome mara mbili:

Dakika haziwezi kufika 60. Ukijikuta unataka kuandika 63.9, jua umeleta desimali za ramani.

Mashariki na magharibi. Pale Heathrow uko karibu kabisa na longitudo sifuri, kwa hiyo ukiweka E badala ya W namba zinabaki zilezile na jicho halishtuki. Kosa hilo ni kama maili 34.

Andika kwenye INS zote tatu, kila moja kivyake, ukisoma upya kutoka kwenye chati. Ukinakili kutoka ya kwanza kwenda ya pili na ya tatu, umenakili na kosa. Zikishakubaliana kwenye uongo hakuna wa kukuonya, na hapo faida ya kuwa na tatu imekufa.

Tumia koodineti za geti lako kama chati inazo. Zile za katikati ya kiwanja zinakubalika, ila ni uvivu.

Hatua ya 4. Swichi tatu ziweke ALIGN, kisha ondoa mikono. Kwenye mashine halisi kazi hii huchukua kama dakika 17. Geuza kitufe kwenye DSRTK/STS uone namba ya hali ikianzia 90 na kushuka ngazi kwa ngazi. Muda wote huo ndege isisogee: usisukumwe nyuma, usivutwe, usifungue menyu ukahamia geti jingine. Ndege nyingi za nyongeza za simyuleta zina chaguo la kuharakisha hatua hii. Litumie ukitaka, sikuhukumu.

Hatua ya 5. Wakati unasubiri, jaza nukta. Kitufe kwenye WPT, gurudumu dogo kwenye 1, andika latitudo na longitudo kwa mtindo wa hatua ya 3, INSERT, nenda 2, mpaka 9. Sifuri si nukta ya kujaza. Inamaanisha "hapa nilipo".

Hatua ya 6. Taa ya kijani READY NAV ikiwaka, swichi zote tatu ziende NAV (kuongoza). Hii ni kabla ya kusogea. Zikishafika NAV usiziguse tena mpaka umefunga breki mwisho wa safari. Ukiitoa NAV angani umepoteza uongozaji wa njia wa mashine hiyo. Huwezi kuipanga upya ukiwa unaruka. Kitakachobaki ni ATT REF, inayokupa mkao wa ndege tu.

Hatua ya 7. Badilisha mguu (kipande cha njia kati ya nukta mbili) uwe 0-1, yaani kutoka ulipo hadi nukta ya kwanza. Weka DIS/TIME usome umbali hadi nukta ya kwanza, ulinganishe na mpango wako wa safari. Mpango unasema maili 60 na mashine inasema 240? Rudi hatua ya 3 au ya 5. Ukaguzi huu ni wa sekunde kumi na hakuna anayeufanya.

Hatua ya 8. Baada ya kupaa: swichi ya HSI (saa ya dira inayoonyesha njia) itoke RADIO iende INS, jielekeze kwenye njia, kisha otopailoti iweke INS. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kimoja kinabadilisha unachokiona, kingine kinabadilisha anayeendesha.

Hatua ya 9. CDU iwe AUTO, ibadilishe mguu yenyewe. Taa ya ALERT huwaka dakika mbili kabla ya nukta, na mguu ukibadilika inazima. Ikiendelea kumwekamweka baada ya kupita nukta, uko MAN (kwa mkono) na ndege inakusubiri wewe. Nukta ulizokwisha kuzipita ziandike upya kwa zinazofuata. Baada ya 9 mashine inarudi 1. Ila usiguse nukta mbili za mguu unaoruka sasa hivi.

Karibuni kwa maswali. Yawe maswali.

TanguJuzi: Mkuu taa nyekundu ya WARN imewaka nifanyeje haraka nipo kwenye njia ya kurukia

Jibu: Ulisogeza ndege kabla ya NAV?

TanguJuzi: Kidogo tu, nilisukumwa nyuma wakati inaendelea kuhesabu

Jibu: Hatua ya 4. Rudi getini, STBY, anza upya.

Mbayuwayu: Shikamoo mwalimu. Nimefuata yote na imekubali. Ninachojiuliza, hii mashine inajuaje kaskazini bila sumaku na bila setilaiti?

Jibu: Marahaba. Hili ndilo swali. Ndani kuna jukwaa lenye jairoskopu (zinazohisi mzunguko) na vipima-mchapuko (vinavyohisi mwendo ukibadilika). Kwanza linajisawazisha kwa kufuata mvutano wa dunia, mpaka lilale sawasawa. Kisha linasikilizia mzunguko wa dunia yenyewe, nyuzi 15 kwa saa. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo jairoskopu zikishaupata huo mzunguko, zimejua kaskazini ya kweli iko wapi. Mzunguko huo ni wa polepole sana, ndiyo maana zinahitaji dakika 17 za utulivu. Ukienda karibu na ncha za dunia, sehemu ya mzunguko inayolala upande wa kaskazini inazidi kuwa ndogo, na kazi inakuwa ngumu mpaka haiwezekani.

Sasa uone utamu wake. Kutokana na mzunguko huohuo mashine inaweza kukadiria latitudo yake yenyewe, kwa hiyo kosa kubwa la latitudo mashine halisi inaweza kulishtukia. Longitudo haina dalili yoyote. Dunia inazunguka vilevile ukiwa London au ukiwa upande wa pili wa sayari kwenye latitudo ileile. Longitudo inaaminiwa kutoka kidoleni mwako.

Na jina Carousel linatokana na jukwaa lenyewe: vipimio vya mlalo vinazungushwa mzunguko mmoja kwa dakika, ili makosa madogo yafutane.

Mbayuwayu: Kumbe! Kwa hiyo kosa la longitudo linaweza kumpata hata rubani wa kweli?

Jibu: Limeshatokea, tena kwenye ndege ya kisasa. Machi 2015, A330 iliyokuwa ikitoka Sydney kwenda Kuala Lumpur iliandikiwa 01519.8 mashariki badala ya 15109.8 mashariki. Tarakimu zimeteleza tu, lakini ni nyuzi 15 badala ya 151, kosa la zaidi ya kilomita 11,000. Mifumo ilivurugika baada ya kupaa na wakaishia kutua Melbourne. Sasa mnaelewa kwa nini hatua ya 3 ni ndefu.

Kipanga_Mweusi: Mimi naona mnajitesa. Si uweke GPS ya kisasa humo ndani umalize?

Jibu: Weka. Ila hapo huhitaji somo hili, na sijui umelifungulia nini.

Kipanga_Mweusi: Nimeuliza tu mkuu, usichukie

Jibu: Sijachukia. Aliyenunua ndege yenye kiti cha injinia na saa za sindano kila kona, kisha akabandika skrini ya GPS katikati, fedha ni zake.

Binti_Rubani: Habari kaka. Mimi mashine zangu tatu ziko sawa, nukta ziko sawa, HSI inaonyesha njia upande wa kulia, lakini ndege inaenda moja kwa moja haigeuki. Otopailoti nimeiweka INS kabisa.

Jibu: Nzuri dada, na asante kwa kueleza vizuri. Njia iko mbali kiasi gani? Weka XTK/TKE (umbali wa pembeni kutoka kwenye njia) usome.

Binti_Rubani: Inasema maili 14 na nusu.

Jibu: Basi ndiyo hiyo. INS kwenye otopailoti ikiwa mbali na njia inakuwa imejiandaa tu, haijashika. Kwenye 747 halisi ilitakiwa uwe ndani ya maili 7.5 na uwe unaelekea kwenye njia. Tumia HDG (otopailoti ifuate mwelekeo unaouchagua wewe), ikate njia kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, uache INS ishike, na uithibitishe kwa macho kwamba imeshika.

Hili si la mchezo. Tarehe 1 Septemba 1983, 747-200 ya Korean Air Lines, safari namba 007 kutoka Anchorage kwenda Seoul, iliacha njia polepole mpaka ikaingia anga ya Kisovieti na kudunguliwa. Watu 269 walikufa. Uchunguzi wa ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) wa mwaka 1993 uliona kwamba otopailoti ama iliachwa kwenye HEADING, ama iliwekwa INS wakati ndege imeshakwenda mbali mno na njia kiasi cha kutoishika. Tangu nisome hayo, kila nukta nikiipita naangalia XTK. Ikisoma sifuri, naendelea.

Binti_Rubani: Imeshika. Asante sana. Nitaiweka kwenye orodha yangu ya ukaguzi.

TanguJuzi: Mkuu nimeanza upya, sasa WIND inaonyesha vistari tu

Jibu: Uko chini?

TanguJuzi: Ndiyo

Jibu: Upepo unapatikana kwa kulinganisha mwendo wa ndege hewani na mwendo wake juu ya ardhi. Umesimama. Paa kwanza.

Injinia_Kiti_cha_Tatu: Nichangie kidogo, mkuu ukiruhusu. Wengi wakimaliza INS wanakwama kwenye kushuka, kwa sababu ndege haina cha kuwaambia waanze lini. Chukua urefu kwa maelfu ya futi, zidisha kwa tatu. Futi 35,000 ni maili 105. Ongeza kama 10 za kupunguza mwendo. Umbali wenyewe unausoma DIS/TIME, mradi nukta yako ya mwisho ni kiwanja.

Jibu: Umeruhusiwa. Na upepo wa mgongoni ukiwa mkali, anza mapema zaidi. Ndege hii haipendi kuharakishwa kushuka.

Mbayuwayu: Mwalimu, la mwisho. Nimetua baada ya saa saba, nimefika getini, POS ya INS ya pili inatofautiana na chati kwa maili 5, nyingine mbili kwa maili 2 na 3. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea. Jairoskopu huteleza, maili moja hadi mbili kwa kila saa ilikuwa inavumilika. Aliyeitengeneza ndege yako ameliiga na hilo, mshukuru. Andika namba zako tatu kabla ya kuzima, INS ile ya pili ikirudia hivyo safari ijayo utajua ni ya kutoiamini.

TanguJuzi: Mkuu nimepaa, upepo naona. Lakini ALERT inamwekamweka haizimi

Jibu: 9.