Maelezo ya zana za ajenti wa AI, au jinsi ya kutomwamsha dereva saa nane usiku

Niko Arusha, natengeneza bot ya WhatsApp kwa ofisi ndogo ya safari, watu wa mbugani na mlimani, na kitu kilichonipotezea muda kuliko vyote sio kodi (sio ile ya TRA, ya kompyuta), ni zile sentensi mbili tatu za kumwambia ajenti zana hii inafanya nini. Ajenti ni modeli ya AI inayojiamulia yenyewe iite zana gani, na zana ni kipande cha programu cha kazi moja, mfano kutuma gari au kuangalia bei. Wengi tunaziandika mwishoni tukiwa tumechoka, "Inatuma gari", basi, tunaenda kulala.

Shida ni kwamba modeli haioni kodi yako. Inachoona ni jina la zana, maelezo yake na skima ya parameta (yaani orodha ya nafasi za kujaza, kama tarehe na saa), vyote vinaingia kama maandishi pamoja na meseji za mteja, alafu inachagua. Ni kama kumtuma mtoto dukani akalete unga. Sembe au dona? Kilo ngapi? Kwa Mangi kukiwa kumefungwa aende duka lingine au arudi na hela? Mtoto mwingine atarudi kuuliza, modeli mara nyingi inakisia tu na kukuletea ngano wakati maji ya ugali yanachemka.

Sisi yalitukuta kwenye saa. Mteja mmoja wa hapa hapa kaandika achukuliwe "saa mbili asubuhi", ajenti kajaza 02:00, dereva kapata SMS kanipigia, "aisee kaka, ni kweli hii saa nane usiku?" Maelezo ya ile parameta yalikuwa maneno matatu, "saa ya kuondoka". Sa hivi yanasomeka hivi: "Saa ya kuondoka kwa mtindo wa masaa 24, mfano 14:30. Mteja akitaja saa kwa Kiswahili badilisha: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00, saa nane usiku ni 02:00. Akiandika kwa Kiingereza usibadilishe, 8 am ni 08:00. Asiposema asubuhi au jioni, muulize kwanza." Ni ndefu, najua, ila dereva hajanipigia tena usiku.

Kiwanja cha ndege ni hivo hivo. Mgeni akisema "Arusha airport" anaweza kumaanisha KIA, yaani ule wa Kilimanjaro, ambayo kodi yake ni JRO na iko kule Hai katikati ya Arusha na Moshi, au kile kidogo cha Kisongo, ARK, cha ndege ndogo za mbugani. Ukikosea hapo ni mgeni kukaa na mabegi yake na gari liko kama kilomita hamsini. Kwaiyo usiache parameta wazi iandikwe chochote, weka orodha ya majibu yanayokubalika, JRO na ARK tu, na ueleze kila moja ni ipi. Hela nayo usiite "kiasi", iite bei_dola au bei_shilingi, jina lenyewe limalize ubishi.

Maelezo ya zana nzima mimi naandika kama sentensi nne tano. Mfano wa tuma_gari: "Inaandika oda ya gari la kumpokea mgeni na papo hapo inamtumia dereva SMS. Itumie pale tu mteja amethibitisha tarehe, saa na kiwanja. Usiitumie kuuliza bei, kwa bei tumia angalia_bei. Inarudisha namba ya oda, haionyeshi jina la dereva." Ile ya "usiitumie" watu wanairuka sana na ndo inayosaidia kuliko zote, hasa zana zikifanana. Sisi tulikuwa na tafuta_mgeni, pata_mgeni na taarifa_za_mgeni, kila moja kaandika chalii wake, na ajenti alikuwa anachagua kama anacheza bahati nasibu. Hapo hakuna maelezo yatakayokuokoa, unganisha ibaki moja.

Makosa pia ni maelezo. Zana ikirudisha "kosa 400" ajenti atarudia kitu kile kile mara tatu, ikirudisha "tarehe imeshapita, leo ni 14 Juni, muulize mteja tarehe mpya" anajirekebisha mwenyewe.

Jinsi ya kujua kama umeeleweka: mpe mtu wa ofisini asiyejua kodi. Mimi nilimpa dada wa mapokezi maelezo ya angalia_bei, nikamwambia jifanye wewe ndo bot, jaza. Hakumaliza hata sekunde kumi, "bei ya nani sasa, raia wa Afrika Mashariki, mgeni mwenye kibali cha kuishi, au mtalii wa nje?" Na kweli, kiingilio cha hifadhi kinatofautiana kwa hayo makundi na mimi sikuwa nimeweka parameta kabisa. Baada ya hapo chukua meseji kama ishirini za wateja wa kweli, futa majina na namba za simu, zipitishe, uangalie ameita zana gani na kajaza nini. Akikosea rekebisha maelezo ya zana husika, usikimbilie kuongeza onyo kwenye prompti kuu (yale maagizo ya jumla ya ajenti) maana baada ya mwezi itakuwa kama katiba. Na kama zana yako unaitoa kwa MCP, ule utaratibu wa wazi wa kuunganisha zana na ajenti yoyote, ulioanzishwa na Anthropic mwishoni mwa 2024, ndo kabisa, itaitwa na maajenti ambao prompti zao huzigusi, maelezo yako yasimame yenyewe.

Lugha? Kwenye modeli nyingi Kiswahili kinakula tokeni (vile vipande vya maneno ambavyo modeli inasoma na unavilipia) zaidi kuliko Kiingereza, na maelezo yanatumwa kila ombi, kwaiyo zana zikiwa kibao naandika Kiingereza kifupi alafu naacha maneno ya wateja kama yalivyo, "saa mbili", "kesho kutwa", "alfajiri". Alfajiri yenyewe nimeandika aulize saa ngapi, maana hata sisi ofisini tulibishana.